Hii Ngoma Inangoja Nini? Tekno ya Detroit na Masikio ya Leo

Machi 2024 Ujerumani iliingiza tekno ya Berlin katika orodha yake ya kitaifa ya urithi wa utamaduni. Mashabiki walishangilia, mimi niliguna. Ukiona muziki umeorodheshwa na serikali, jua kuna watu wameanza kuuogopea, na kwa Berlin woga huo una sababu, maana kodi ya majengo imepanda na vilabu vinafungwa. Hilo sina neno nalo. Kilichonikera ni kwamba kijana aliyeisoma habari ile kwenye simu, awe Kasarani au Kisauni, atalala akijua kwamba tekno ni kitu cha Wazungu. Ilhali tekno ilitoka Detroit, Marekani, na walioiunda walikuwa vijana Weusi. Juan Atkins, wa kwanza wao, alitoa santuri yake ya kwanza kabla hajafikisha miaka 20.

Kwa hivyo tunapouliza kama tekno ile ya mwanzo, ya kuanzia 1981 hadi katikati ya miaka ya tisini, bado inawagusa vijana, tukumbuke kwamba tunauliza kuhusu muziki wa vijana wenyewe. Jibu langu ni kwamba inawagusa, lakini si yote. Na ile inayowagusa si ile ambayo wazee wa tekno wanaipigia debe.

Kwanza mji wenyewe. Detroit ilikuwa mji wa magari: Ford, General Motors, Chrysler. Mwaka 1950 ulikuwa na wakazi karibu 1,850,000. Kufikia 1980 walikuwa wamebaki kama 1,200,000. Katikati hapo kulikuwa na ghasia za 1967 zilizoua watu 43, Wazungu wakahamia vitongojini, viwanda vikahama, na mwaka 1972 kampuni ya muziki ya Motown nayo ikafunga virago ikaenda Los Angeles. Viwanda vilivyobaki vikaanza kuweka roboti. Atkins alisema bila kuficha kwamba roboti za Ford zilimvutia kuliko muziki wa Berry Gordy, mwanzilishi wa Motown. Watu hulitaja neno hilo kama mzaha wa kijana mjuaji. Mimi nalisikia kama mahesabu. Roboti zilikuwa zimeshinda, na mtoto wa mji ule alikuwa na njia mbili: azilie ama azifundishe kucheza.

Atkins alisomea Belleville, mji mdogo nje ya Detroit, pamoja na Derrick May na Kevin Saunderson. Mwaka 1981, yeye na Rik Davis, mtu aliyerudi kutoka vita vya Vietnam, walitoa "Alleys of Your Mind" kwa jina la Cybotron. Usiku walikuwa wakimsikiliza mtangazaji mmoja wa redio aliyejiita The Electrifying Mojo, ambaye angeweza kupiga Kraftwerk wa Ujerumani, kisha Prince, kisha Parliament-Funkadelic, bila kuomba radhi kwa mtu. Neno tekno lenyewe Atkins alilichota katika kitabu cha Alvin Toffler, The Third Wave, cha 1980, kilichotabiri maisha baada ya enzi ya viwanda. Fikiria hilo kidogo. Kijana wa miaka 18 katika mji unaofilisika anasoma kitabu kuhusu mwisho wa viwanda, kisha anaanzisha muziki.

Nimekawia kwenye historia hii kwa sababu naamini ndiyo sehemu ambayo kijana wa leo angeielewa bila kufafanuliwa. Huyu ni mtu anayeambiwa kila wiki kwamba kompyuta itamnyang'anya kazi ambayo bado hajaipata. Kama kuna msikilizaji aliyeandaliwa kwa ajili ya Detroit, ni yeye.

Mbona basi asiingie moja kwa moja?

Mpwa wangu ana miaka 19. Nilimwekea "Strings of Life" ya 1987, ambayo Derrick May aliitoa kwa jina la Rhythim Is Rhythim, na ambayo kila mwandishi wa tekno huitaja kama kilele cha Detroit. Piano inaingia, nyuzi zinafuata kwa vishindo vifupi vifupi, mdundo unakuja, unaondoka, unarudi. Alisikiliza karibu dakika mbili, jambo ambalo kwa umri wake ni heshima kubwa. Kisha akatoa kile kidude sikioni: "Anko, hii ngoma inangoja nini?"

Alikuwa anangoja besi. Haikuja, na haingekuja hata angesikiliza hadi mwisho, kwa sababu ngoma hiyo haina laini ya besi. Piano yake ilianzia kwa Michael James, aliyeipiga kama wimbo wa taratibu. May akaikatakata, akaipa mwendo, akaacha pengo pale chini. Mwaka 1987, ndani ya ukumbi wenye spika ndefu kama mlango, pengo hilo lilikuwa kishawishi. Mwili uliingia kujaza kilichokosekana. Lakini kwa sikio lililokuzwa na amapiano, ambako besi inagongwa kama mtu anabisha hodi kifuani mwako, pengo ni pengo tu. Mpwa wangu alikuwa na haki kabisa kuuliza.

Kuna wanaosema tatizo ni kasi. Ngoma nyingi za Detroit zinatembea kwenye midundo 120 hadi 130 kwa dakika, na vijana wa Ulaya siku hizi wanataka tekno ngumu inayopita 150. Huku kwetu kuna singeli ya Dar es Salaam, ambayo inavuka 200 bila kuhema. Hoja hii siikubali. Amapiano ni ya polepole kuliko Detroit na bado imefagia Nairobi nzima. Na wala si uzee wa muziki. Hawa hawa wanacheza arbantone, ambayo imejaa vipande vya nyimbo za wakati wazazi wao walikuwa wanatongozana. Kijana hana shida na kitu cha kitambo, mradi kimepikwa.

Na hapo ndipo penye shida halisi. Ngoma nyingi za mwanzo hazikutengenezwa ziliwe peke yake. Zilitolewa kwenye santuri za inchi 12 kwa ajili ya dijei, zikiwa na dakika nzima ya ngoma tupu mwanzoni na nyingine mwishoni ili aweze kuunganisha moja na nyingine. Ukizisikiliza moja moja kwenye simu, kwa spika ya ukubwa wa kucha, ni kama umepewa unga ukaambiwa ndio ugali. Wasimulizi wa historia hii hawalisemi sana, wanapenda kulaumu usikivu wa vijana. Hata wasikilizaji wa kwanza hawakuzisikia hivyo. Wale vijana waliokesha Music Institute, ukumbi uliofunguliwa Detroit mwaka 1988 na haukuuza pombe, walisikia usiku mzima kama kitu kimoja kirefu. Hawakuwa wanachagua nyimbo.

Kwa hivyo tuache kuuliza kuhusu tekno kwa jumla, tuulize ngoma kwa ngoma. Hapa nitasema ninavyoona, na atakayekasirika akasirike.

Kilichozeeka zaidi ni zile habari za kesho. Sauti za roboti, visahani vya angani, miji ya vioo: kesho hiyo ilishafika, na ikaja na bili. Ndiyo maana "No UFO's" ya Atkins, ya 1985, naiheshimu kuliko ninavyoipenda. "Good Life" ya Inner City, kundi la Saunderson na mwimbaji Paris Grey, ni wimbo mzuri, sitaki ugomvi, lakini furaha yake ya 1988 siku hizi inanikumbusha tangazo la benki. Utauskia kwenye sherehe ya mtu anayetimiza miaka 50, na hapo ndipo mahali pake.

"Clear" ya Cybotron, ya 1983, ni hadithi nyingine. Ni kavu, ni ngumu, haijaribu kukufurahisha. Missy Elliott aliichukua mwaka 2005 akajengea "Lose Control" juu yake, kwa hivyo kuna watu wazima leo ambao walicheza Cybotron wakiwa shule ya msingi bila kujua. Kizazi kilichokuja baada yao nacho kinaisikia "Clear" kana kwamba imetoka juzi, kwa sababu mashine zile zile, au sauti zao, bado zinatumika. Ile Roland TR-808 haikuuza vizuri ilipotoka 1980, ikaishia kwenye maduka ya mitumba, na hapo ndipo vijana wasio na pesa waliikuta. Leo mlio wake uko kila mahali, hata kwenye nyimbo za injili.

Wanaoshinda wote, kwa maoni yangu, ni Drexciya. Hawa walikuwa wawili, James Stinson na Gerald Donald, na kwa miaka mingi karibu hakuna aliyejua sura zao. Hawakutaka. Santuri zao zilianza kutoka mapema miaka ya tisini, na kila moja ilileta kipande kidogo cha dunia iliyo chini ya bahari. Kwenye "Bubble Metropolis" ya 1993 kuna sauti inayoongoza chombo kinachokaribia mji, inakiambia kipunguze mwendo na kijihadhari kwa sababu kuna ujenzi pembeni mwa barabara ya majini. Mtu yeyote aliyekwama Thika Road atacheka. Watu wamejenga mji chini ya Atlantiki na bado kuna foleni!

Halafu mwaka 1997, kwenye maelezo ya albamu The Quest, ndipo msikilizaji akaambiwa watu wale ni nani. Ni watoto wa wanawake Waafrika waja wazito waliotupwa majini kutoka meli za watumwa. Mtoto tumboni anaishi majini, basi hawa waliendelea kuishi majini baada ya kuzaliwa. Maelezo yenyewe ni mafupi. Hakuna kilio, hakuna mahubiri, na muziki wenyewe hauna huzuni ya kujionyesha: unachemka, unarukaruka, mara nyingi unaisha kabla hujauchoka. Ngoma zao haziendi kwa ule mdundo mmoja ulionyooka wa tekno ya vilabuni, zinavunjika na kujikunja. Mpwa wangu hakuniuliza zinangoja nini.

Ona yaliyofuata. Stinson alifariki 2002. Kuanzia 2011 lebo ya Clone ya Rotterdam ilianza kuzitoa upya rekodi zao, na watu waliokuwa watoto wakati zinatoka mara ya kwanza wakazinunua. Mwaka 2017 kundi la rap liitwalo clipping. lilitoa wimbo "The Deep" lililoujenga juu ya hadithi ya Drexciya, na mwaka 2019 mwandishi Rivers Solomon akautolea riwaya fupi yenye jina hilo hilo. Muziki usio na maneno karibu wote, wenye aya chache nyuma ya jalada, umezaa wimbo na wimbo umezaa kitabu. Msomaji wa pwani yetu ataongeza jambo ambalo Drexciya hawakulisema: kuna bahari nyingine iliyobeba watumwa, majahazi yakitoka Kilwa, Bagamoyo na Unguja, na chini yake pia wamo watu.

Ndiyo maana nasema wazee wa tekno wanauza bidhaa isiyofaa. Wanawauzia vijana kesho. Vijana wana kesho nyingi mno, zote za kutisha. Wanachokitafuta ni mahali pa kuingia na mtu aliyefika pale kabla yao, mwenye mashine ya bei rahisi na jambo la kweli la kusema.

Sitadai kwamba tunachokisikia kwetu ni mtoto wa Detroit. Singeli imetoka mitaani Dar, kwenye mchiriku na vinanda vidogo vya bei ya chini, haikumwomba Atkins ruhusa. Slikback, mtayarishaji wa Nairobi aliyetoa kazi zake za kwanza na lebo ya Hakuna Kulala ya Kampala, anatengeneza kitu kikali ambacho mashabiki wa "Good Life" wangekimbia. Lakini ukiziweka pamoja unaona ndugu wa mbali: vifaa vilivyopatikana, si vilivyotakiwa, na mtaa ambao hakuna aliyetarajia utoe kitu.

Kinachowazuia wengi ni simulizi na kiingilio. Tamasha la kwanza la muziki huu Detroit, mwaka 2000, lilikuwa la bure katika uwanja wa Hart Plaza, katikati ya mji. Siku hizi watu wanalipa. Mwandishi DeForrest Brown Jr. aliandika kitabu kizima, Assembling a Black Counter Culture, cha 2022, kuirudisha hadithi hii kwa wenyewe, na ni kitabu kizito, si cha kusoma ndani ya matatu. Kwa haki, Berlin pia ilisaidia. Neptune's Lair, albamu ya Drexciya ya 1999, ilitolewa na Tresor, lebo ya kilabu cha Berlin kilichofunguliwa mwaka 1991, wakati Detroit yenyewe haikuwa na pesa ya kuitunza.

Albamu hiyo ndiyo ningemwanzisha nayo kijana yeyote. Aiache ile mikusanyiko ya 1988. Atafute spika yenye besi, ya kuazima ikibidi, na aache albamu ijipige yenyewe hadi mwisho.