Kisiwa cha Han: Neno juu ya Filme «Enter the Dragon»

Jumapili moja, nyuma ya Misa, kijana wa kwaya yetu alitujia mbele ya sakristia akatuuliza: «Padri, Lee alipomwua Oharra, alitenda zambi?» Tulicheka kidogo. Tukamjibu kwamba hayo ni mambo ya sinema tu, hakuna mtu aliyekufa kweli. Alitusikiliza kwa heshima, akashukuru, akaenda zake. Hapo katekista wetu, aliyekuwa akikunja vitambaa vya altare, akasema polepole: «Padri, kaka yake aliuawa njiani mwaka uliopita. Naye anawajua waliomwua.»

Basi tulifahamu kwamba kijana hakutuuliza juu ya sinema, tena kwamba tulimjibu vibaya. Juu ya hiyo tuliitafuta filme ile, tukaitazama mara mbili, kalamu mkononi. Wandugu mapadri, waseminari na makatekista watatusamehe tukiwaletea katika kurasa hizi habari za watu wanaopigana mateke. Vijana wetu wanazijua kuliko wanavyojua historia ya mitume. Afazali mchungaji ajue kondoo wake wanakula majani gani.

Filme hii ilitengenezwa Hong Kong mwanzoni mwa mwaka 1973, chini ya uongozi wa Robert Clouse, Mmarekani. Bruce Lee ndiye mchezaji mkubwa, na ndiye aliyepanga mapigano yote. Alikufa tarehe 20 Julai 1973, akiwa na miaka 32, mwezi mmoja kabla ya filme kuonyeshwa Marekani. Pengine wasomaji wetu hawajui kwamba kijana huyu alipita mikononi mwa watawa wetu: alisoma La Salle kwa Mabruda wa Shule za Kikristu, kisha Saint Francis Xavier kwa Mabruda Wamarista, na mwaka 1958 alishinda mashindano ya ngumi ya shule za Hong Kong.

Habari yenyewe ni hii. Bwana mmoja anayeitwa Han ana kisiwa chake baharini. Kisiwa kile ni kama taifa dogo lililobuniwa: kina askari wake, gereza lake, karamu zake, na sheria moja tu, ni kusema mapenzi ya Han. Kila miaka mitatu anaalika wapiganaji wa nchi mbalimbali, kila mtu na namna yake ya kupigana, washindane mbele yake. Chini ya uwanja, ndani ya ardhi, Han anatengeneza afiuni, na anafunga watu wasio na wa kuwatetea. Wageni watatu wanafika. Lee ametumwa na wakubwa wa upelelezi kutafuta ushahidi. Lakini dada yake alijiua akiwakimbia watu wa Han, na kiongozi wao alikuwa Oharra. Roper ni Mmarekani mcheza kamari anayekimbia deni. Williams ni Mmarekani mweusi. Amewapiga polisi wawili waliomsumbua njiani kwa sababu ya rangi yake.

Je, mapigano yenyewe ni mabaya? Hapana. Paulo Mtakatifu alipowaandikia Wakorinto hakuona haya kujifananisha na mpiga ngumi anayeutiisha mwili wake. Nasi Wakongo tunamkumbuka Padri Raphaël de la Kethulle, wa Shirika la Scheut, aliyejenga kiwanja kikubwa cha Léopoldville. Kiwanja kile leo kinaitwa kwa jina lake, Tata Raphaël. Na ndani yake Muhammad Ali alimshinda George Foreman, tarehe 30 Oktoba 1974, katika duru ya nane. Mwili ni zawadi ya Mungu, na mwili uliofundishwa vema unampa sifa Muumba wake. Yeyote anayemtazama Bruce Lee pasipo kijicho atasadiki jambo hilo. Hana nyama nyingi, si mrefu, lakini hakuna kidole kisichomtii. Mseminari anayeshindwa kuamka kwa kengele ya kwanza angeweza kupata hapo somo zuri kuliko katika mahubiri yetu mengi.

Tutaje sifa nyingine. Mwanzoni mwa filme Lee anashindana na mwenzake hekaluni. Wamevaa glavu ndogo zilizo wazi kwenye vidole. Wanapiga ngumi, wanapiga teke, wanaangushana, wanakamatana chini, mpaka mmoja anapiga sakafu kwa mkono kuonyesha kwamba ameshindwa. Mara mwenzake anamwachilia. Miaka 20 baadaye, tarehe 12 Novemba 1993, watu wanane wa namna mbalimbali walishindana hivi mjini Denver, na Royce Gracie wa Brazili akawashinda kwa kukaba tu. Filme ilikuwa imetangulia. Lakini tuangalie hasa alama ile ya mkono: aliyeshindwa anasema basi, na mshindi anasikia. Ndiyo tofauti ya mchezo na uuaji. Katika kisiwa cha Han alama hiyo haina nguvu tena.

Sasa tuseme makosa. La kwanza ni juu ya wanawake. Filme inamhukumu Han kwa sababu anawanunua wasichana na kuwaharibu. Vema. Lakini usiku, wasichana wale wanapopelekwa kwa wageni wachague, kamera inatembea polepole juu yao jinsi macho ya mnunuzi yanavyotembea sokoni. Mtazamaji anaketi pamoja na wageni, si pamoja na wasichana. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya vyombo vya upashanaji habari ya mwaka 1963, haukukataza kuonyesha uovu. Ulikubali kwamba hiyo inaweza kusaidia kumjua binadamu, ila kwa kiasi, na pasipo kuamsha tamaa. Hapa kiasi kimekosa. Mtu hawezi kuhukumu mwizi huku akila mali iliyoibiwa.

La pili ni makelele. Agostino Mtakatifu anasimulia katika kitabu chake cha Maungamo habari za rafiki yake Alipio, ambaye wenzake walimvuta kwa nguvu mpaka kwenye uwanja wa wapiganaji huko Roma. Alifumba macho, akajiona hodari. Lakini hakuziba masikio. Watu walipopiga kelele kwa sababu mmoja ameanguka, akafumbua macho, na toka hapo hakutaka kutoka tena. Tuliitazama filme mara ya pili katika chumba cha video, pamoja na vijana. Oharra alipoanguka, chumba kizima kilipiga kelele. Tukasikia kwamba sauti yetu nasi imo ndani. Tunaliungama hapa, ili wasomaji wasifikiri kwamba tunahukumu kutoka juu mlimani.

Basi turudi kwa swali la kijana. Oharra ameshindwa mbele ya watu wote. Kwa aibu na hasira anavunja chupa mbili, anamrukia Lee kutoka nyuma. Lee anamgeukia, anampiga, anamwangusha. Kufika hapo hana kosa: Thoma Mtakatifu anafundisha kwamba mtu anaweza kurudisha nguvu kwa nguvu ili aokoe maisha yake, mradi asipite kiasi. Lakini Oharra akiwa chini, Lee anaruka juu na kumponda kwa miguu miwili. Pigo la kwanza lilikuwa la kujikinga. La pili lilikuwa la kulipiza. Hakimu hakumtuma, wakubwa walimtuma kutafuta ushahidi tu. Jibu tulilopaswa kumpa kijana ni hili: ndiyo, mwanangu, pale alitenda zambi, na zambi ile ilikuwa katika hatua moja tu, kati ya pigo moja na jingine.

Na ajabu ni kwamba filme yenyewe inajua. Kamera haimwangalii maiti. Inakaa juu ya uso wa Lee, polepole, muda mrefu; na uso ule hauna furaha. Unatetemeka kama uso wa mtu anayelia na kupiga kelele pamoja. Dada yake hakufufuka. Mchezaji alitenda pale jambo ambalo mwandishi wa habari hii hakuandika: alituonyesha kwamba kisasi hakishibishi. Lakini watu wanapiga kelele, na hawaoni.

Tuna neno lingine, nalo kwetu ni kubwa kupita yote. Thoma Mtakatifu anauliza tendo kuu la fadhila ya nguvu ni lipi: kushambulia, *aggredi*, ao kuvumilia, *sustinere*. Anajibu kwamba ni kuvumilia, kusimama pasipo kutikisika mbele ya hatari. Wengi watasema kwamba filme hii inajua kushambulia tu. Nasi tulifikiri hivyo mara ya kwanza. Mara ya pili tulimwona Williams.

Usiku Williams alitoka nje kupunga hewa, akamwona Lee akipanda ukuta. Kesho yake Han anamwita, anamshitaki kwamba ni yeye aliyewapiga walinzi. Williams anajibu kwamba si yeye peke yake aliyekuwa nje. Han anamtaka amtaje huyo mwingine. Neno moja lingetosha. Lee si ndugu yake, si rafiki yake, wamejuana siku chache tu. Williams hataji. Anasema tu kwamba sasa anataka kuondoka kisiwani, nao wanapigana, na Han anamwua. Filme inapita upesi. Dakika chache tu na habari inaendelea. Lee haambiwi kamwe kwamba mtu alikufa kwa ajili ya tendo lake, wala haulizwi juu yake. Hapo ndipo kosa kubwa la mwandishi: alikuwa na shahidi mkononi mwake, akamtumia kama maiti ya kupamba hadithi.

Na Roper vile vile. Huyu alikuja kwa pesa. Han anamwonyesha utajiri wake na kumwomba awe mtumishi wake. Asubuhi, mbele ya watu wote, anamwamuru apigane na Lee. Yule aliyeuza kila kitu maishani anakataa. Hakupiga mtu, alisema hapana. Kwa maoni yetu, tendo lenye nguvu kuliko yote katika mashindano yale ni hilo la mtu aliyekataa kupigana.

Mwishoni Lee anamfuata Han katika chumba cha vioo. Kila upande ni sura ya adui, na kila pigo linapiga hewa. Ndipo anapokumbuka fundisho la mkubwa wa hekalu, kwamba adui anajificha nyuma ya sura za uongo, na anayevunja sura atamvunja adui. Anaanza kuvunja vioo. Katika nakala ya kwanza mazungumzo yale ya hekaluni yalikatwa; yalirudishwa katika nakala iliyotolewa mwaka 1998. Anayetafuta filme hii kwa ajili ya vijana aitafute nakala ile, kwa sababu pasipo mazungumzo hayo vioo ni pambo tu. Pamoja nayo tunaelewa: mtu wa kisasi anaona adui pande zote, na sura nyingine anayoiona kiooni ni yake mwenyewe.

Mwisho tuonye jambo moja. Kisiwani mwa Han bunduki zimekatazwa. Mwandishi alihitaji sheria hiyo. Pasipo hiyo hadithi yake isingesimama hata dakika kumi. Nchi ya kubuniwa inapokea sheria ambayo mtunzi anapenda. Sisi hatukai katika nchi ya kubuniwa. Kwetu mashariki mwa Kongo bunduki imewekwa hata mikononi mwa watoto. Ni kwa kuwaandikisha askari watoto wa Ituri, wasiotimiza miaka 15, kwamba mahakama ya kimataifa ya La Haye ilimhukumu Thomas Lubanga mwaka 2012. Kijana anayetoka chumba cha video na moyo wa Lee hatakutana njiani na mtu wa mateke. Atakutana na yule anayempa bunduki na kumwambia: njoo, tutamlipia kaka yako.

Kwa hiyo tunatoa shauri letu. Tusiikataze filme hii. Makatazo yetu yanaiuza tu. Wala tusiionyeshe kwa watoto wadogo, kwa sababu ya usiku ule wa wasichana. Kwa vijana wakubwa, mchungaji aitazame kwanza, kisha aketi pamoja nao. Awaulize maswali matatu: Lee alipaswa kusimama wapi? Kwa nini Williams hakutaja jina? Roper alipata wapi nguvu ya kukataa? Awaache wajibu wao kwanza.

Nasi tulimwendea kijana nyumbani kwa mama yake. Tulimwomba radhi kwa kicheko chetu, kisha tukamweleza habari ya mapigo mawili. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza: «Na sasa nifanye nini na majina ninayoyajua?» Tulimwambia kwamba tutakwenda naye mbele ya hakimu, na kwamba hakimu akikataa kusikia tutakwenda tena. Hatukumwahidi kwamba tutashinda. Tulimwahidi tu kwamba hatakwenda peke yake. Alhamisi inayofuata alikuja mazoezini mwa kwaya kama kawaida.