Upana Ndio Uhai wa Barabara

Msafiri huijua barabara kwa urefu wake: kilomita ngapi, saa ngapi, kona gani iko mbele. Anayeisanifu hulazimika kuijua kwa upana. Huikata kukingama kila baada ya mita 20, kama mtu akatavyo mkate, na kwenye kona kali kila baada ya mita 10. Kisha huutazama uso wa kila kipande: ardhi ya asili iko wapi, tuta linapanda kiasi gani, mlima unachimbwa hadi wapi, lami inainama upande upi, mtaro una kina gani. Vipande hivyo ndivyo mikato ya barabara, au seksheni kama wenye kazi wanavyoziita. Barabara ya kilomita 50 ina mikato isiyopungua 2,500. Kuipitia mmoja mmoja kwenye kompyuta na kuirekebisha ni kazi isiyopewa sifa popote, nami naandika kuisifu, kwa sababu hapo ndipo barabara inapopata uhai au inapokosa.

Anayetaka kuuona mkato kwa macho apite Mlima Kitonga, mkoani Iringa. Upande mmoja mlima umesimama juu ya basi, upande wa pili ni korongo. Katikati ya hivyo viwili lazima ipatikane nafasi ya malori mawili kupishana, mtaro wa kupokea maji yanayoshuka mlimani, na ukingo wa kumlinda dereva. Mahali kama pale kila mita ya upana hulipiwa. Ukiisogeza barabara mlimani utapasua mwamba. Ukiisogeza bondeni utajenga tuta refu au ukuta wa kuzuia udongo. Uamuzi huo haufanyiki kwenye ramani. Hufanyika kwenye mkato, sentimita kwa sentimita.

Adui mkuu wa barabara ni maji, na jambo hili halikuanza jana. John Loudon McAdam, Mskoti aliyepewa kusimamia barabara za Bristol mwaka 1816, alishikilia kwamba mzigo wa magari hubebwa na udongo wa asili, na kwamba udongo huo utabeba maadamu ni mkavu. Kokoto za juu kazi yake ni kuyazuia maji yasiufikie. Ndiyo maana barabara huwekewa mgongo. Njia ya gari yenye upana wa mita 3.25, ikiinamishwa kwa asilimia 2.5, hushuka kama sentimita 8 tu kutoka katikati hadi ukingoni. Dereva hazioni sentimita hizo, lakini mvua ya masika inazijua vizuri.

Zamani mikato ilichorwa kwa mkono kwenye karatasi za miraba. Eneo la kila mmoja lilipimwa kwa planimita, kifaa ambacho Jakob Amsler wa Uswisi alikibuni kwa muundo uliovuma mwaka 1854: unaizungusha sindano yake pembeni mwa umbo, nayo inakupa eneo. Leo programu kama Civil 3D, OpenRoads na 12d Model hufanya hayo kwa sekunde chache. Unaipa mstari wa katikati, miinuko na miteremko, na kiolezo cha upana; inakurudishia mikato yote 2,500 pamoja na hesabu ya udongo. Wapo wanaodhani kazi imeishia hapo. Kumbe programu imetumia kanuni moja kila mahali, na ardhi ya Mungu haina kanuni moja.

Mjuzi wa kazi hii huanza kwa kuushuku mstari wa ardhi. Kwenye mkato, ardhi ya kweli huyumbayumba: kuna kichuguu, kuna kijito, kuna shamba lililolimwa matuta. Mstari ukionekana umenyooka kupita kiasi, huenda mpima hakuchukua alama pale. Programu imeunganisha alama mbili za mbali na kulipita korongo lililo katikati kana kwamba halipo. Mwenye jicho husimama, huuliza, na ikibidi humrudisha mpima uwandani kabla kalavati halijakosewa urefu na mahali.

Kisha yapo makosa yasiyoonekana ukiutazama mkato mmoja peke yake. Tuseme sakafu ya mtaro iko kwenye kimo cha 101.50 katika mkato wa kwanza, 101.55 katika wa pili, na 101.30 katika wa tatu. Kila mkato ukiufungua unapendeza: mtaro upo, kina kipo, kingo zimekaa sawa. Lakini ukiisoma mitatu kwa mfululizo, unaona maji yanatakiwa kupanda sentimita 5 kutoka wa kwanza kwenda wa pili. Hayatapanda. Yatatuama, yatalowesha udongo chini ya lami, na baada ya misimu michache shimo la kwanza litatokea mahali ambapo hakuna atakayekumbuka sababu yake. Mrekebishaji huishusha sakafu ya katikati hadi 101.40, na mtaro unashuka sentimita 10 kila baada ya mita 20. Ni kazi ya dakika moja kwa aliyeisoma mikato yake kwa kufuatana.

Mkato pia ni hesabu ya fedha. Chukua tuta la kimo cha mita 3 kwenye ardhi tambarare, urefu wa kilomita moja. Ukibadilisha mteremko wa kingo zake kutoka 1 kwa 1.5 kuwa 1 kwa 2, kila upande unaongezeka mita za mraba 2.25 katika kila mkato. Pande mbili kwa kilomita nzima ni mita za ujazo 4,500. Kwa tipa inayobeba mita za ujazo 15, hizo ni safari 300, na kwa kuwa kifusi kikishindiliwa hupungua, safari zitazidi hapo. Mteremko wa taratibu humpa dereva aliyetoka barabarani nafasi ya kunusurika, na udongo mlegevu hauwezi kusimama bila huo. Mteremko mkali huokoa fedha palipo na udongo mgumu. Kuchagua mmoja kwa kilomita zote ni uvivu. Kuchagua panapostahili, mkato kwa mkato, ndio ufundi.

Tena mkato una watu ndani yake. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 nchini Tanzania ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kuanzia katikati. Mguu wa tuta ukivuka mpaka huo, umeingia kwenye shamba la mtu, na mazungumzo ya fidia yanaanza. Lakini pengine ukuta wa gabioni (vizimba vya waya vilivyojazwa mawe) wa mita chache ungeurudisha mguu huo ndani ya mpaka, na nyumba isingepakwa alama ya X ya kubomolewa. Vivyo hivyo, mkato ukionyesha kwamba uwanja wa nyumba utabaki mita 2 juu ya mtaro, mtu aliyekaa mbele ya skrini amekwisha jua kwamba mama mwenye genge hapo hatafikiwa na mteja, na mzee hatashuka bila ngazi. Njia ya kuingilia ichorwe sasa, kabla ya greda kufika. Bega la barabara nalo lisiminywe ovyo, kwa sababu kwetu hapo ndipo wanapopita wanafunzi, wenye baiskeli na mama aliyebeba kuni.

Kazi hii ina adabu zake. Marekebisho ya mkono hushikamana na kituo chake, yaani mahali pa mkato kwenye mstari wa katikati. Mstari wa katikati ukisogezwa baadaye, yanaweza kubaki mahali yasipohusika tena. Kwa hiyo kila badiliko liandikwe: kituo gani, kimebadilishwa nini, kwa nini. Mkato uliorekebishwa uunganishwe taratibu na jirani zake, ukingo usiruke ghafla. Na kabla ya michoro kutolewa kwa mkandarasi, mtu wa pili aipitie.

Ninawaomba wakuu wa ofisi za usanifu wasiwanyime vijana wao muda wa kazi hii kwa hoja kwamba kompyuta imeshamaliza. Na wewe mhandisi mchanga, au fundi sanifu uliyepewa faili leo: fungua mkato wa kwanza, usome hadi wa mwisho, usiruke hata mmoja. Ule utakaouruka, mvua haitauruka.