Difu Haikuwa na Kosa

Kosa lenyewe lina unene wa milimita 10. Ni washa nne zilizopangwa moja juu ya nyingine kwenye bolti za difu ya ile Datsun 240Z ambayo sasa kila mpenda magari Nairobi ameiona kwenye simu yake. Video mmeitazama. Wengine mmenitumia zaidi ya mara moja mkitaka niimwagie sifa. Sifa zipo na nitazitoa, hazitachukua muda. Kilichonikalisha kitako kuandika ni pale fundi mkuu anapoegesha geji ya pembe kwenye krosi ya nyuma, anasoma, anainua uso na kutangaza kwa fahari: nyuzi sifuri! Vijana wanapiga makofi. Hapo ndipo gari lilipoharibiwa.

Haki yao kwanza. Jaribio la barabarani lilikuwa safi: gari lilipofika mwendo wenye mtetemo walitoa gia, wakaliacha liserereke, mtetemo ukabaki palepale, kwa hiyo injini na klachi zikaondolewa kwenye orodha ya washukiwa. Magurudumu yalibalansiwa. Krosi mbili zilizoliwa zikabadilishwa. Propela ilipigwa alama ya rangi kwenye flanji kabla ya kufunguliwa ili irudi ilivyokaa, jambo ambalo nimelipigia kelele humu hadi mhariri akanichoka. Nawapa hongera zote.

Tena walifanya jambo ambalo gereji nyingi za mjini hazijawahi kulifanya: waliweka simu sakafuni, karibu na kiti cha dereva, wakapima mtetemo. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa ilisoma mapigo 110 kwa sekunde. Namba hiyo pekee ilitosha kufunga kesi. Tairi za 195/70 za rimu ya 14 huzunguka takriban mara 14 kwa sekunde katika mwendo huo. Difu hii ni ya 3.9, kwa hiyo propela inazunguka mara 55. Tairi lenye kasoro hupiga mara moja kwa mzunguko wake: 14, nawe utaiona kwenye usukani na kuisikia makalioni. Propela iliyopinda au iliyodondosha kibati chake cha uzito hupiga 55. Kinachopiga mara mbili kwa kila mzunguko wa propela, nacho husikika kama mvumo kuliko mtikisiko, ni krosi ambazo pembe zake hazielewani. Mia na kumi! Walikuwa na jibu mkononi.

Wakaelewa nusu yake. Wakasema shida ni pembe, basi tuiondoe pembe. Wakalegeza difu, wakajaza washa mpaka ekseli ya pinioni ikanyooka sawasawa na propela, ndipo shangwe zikapigwa.

Tangu enzi za Robert Hooke, Mwingereza wa karne ya 17 ambaye krosi hii hubeba jina lake, inajulikana kwamba krosi ikifanya kazi ikiwa imekunjika haitoi mzunguko laini. Upande unaosukumwa huenda mbio kidogo, ukazubaa kidogo, mara mbili kwa kila mzunguko. Dawa yake ni krosi ya pili iliyokunjika kwa pembe ileile, ili mwenziwe anapokimbiza yeye arudishe nyuma. Ni kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja kwa zamu: michi haigongani kwa sababu kila mmoja anamfuatisha mwenzake. Mafundi hawa wamempokonya mmoja mchi, kisha wanasifu utulivu wake.

Hesabu ilikuwa ukutani nyuma yao muda wote, kwa chaki, na kamera iliipitia mara kadhaa: giaboksi 4.5, propela 1, difu 3, zote zikiinamia nyuma. Krosi ya mbele ilikuwa imekunjika kwa 4.5 toa 1, yaani nyuzi 3.5. Ya nyuma ilikuwa 3 toa 1, nyuzi 2. Ili kujua fujo inayobaki, toa mraba wa pembe ndogo kwenye mraba wa kubwa: 12.25 toa 4, inabaki 8.25. Sasa weka washa. Krosi ya nyuma imekuwa sifuri, haifuti chochote, na ile 12.25 ya mbele imebaki yote inazurura. Fujo imeongezeka kwa karibu nusu, baada ya siku nzima ya kazi na bili ya difu kufunguliwa.

Na hiyo krosi mpya ya nyuma waliyoinyoosha? Haitadumu. Vipini vyake vidogo vya beringi vinahitaji angalau nusu nyuzi ili viwe vinabingirika na kusambaza grisi. Visipobingirika hukaa mahali pamoja na kuchimba vishimo kwenye krosi.

Mtaniuliza, mbona mwishoni gari lilikuwa limetulia? Lilitulia kwa sababu mbili ambazo hazihusiani na washa. Kwanza, krosi mbovu na magurudumu vilishughulikiwa siku ileile, hivyo haijulikani nani alimponya mgonjwa. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja umejifunga macho. Pili, jaribio la mwisho lilifanywa kwa 80. Itazameni tena mita ya mwendo, iko wazi. Fujo ya krosi hufuata mraba wa mwendo, kwa hiyo kwa 80 unapata kama asilimia 53 tu ya ile utakayoipata kwa 110. Walianza na 100 na zaidi, wakamalizia na 80, kisha wakashikana mikono.

Mgonjwa halisi alionekana kwa muda mfupi, taa ilipopita chini ya giaboksi. Maunti ya nyuma ya giaboksi imelowa oili, raba imebonyea kama andazi la jana. Mkia wa giaboksi umeshuka. Ndiyo maana ilisoma 4.5 wakati difu ilikuwa 3, na hizo mbili ndizo zinazopaswa kulingana. Propela haina neno katika shauri hili, huwa katikati tu. Ukiziona ekseli mbili zimepishana kwa nyuzi 1.5, unaanza na ile iliyokaa kwenye raba iliyooza. Fundi mkuu akaihamisha ile iliyokuwa bado mahali pake.

Kuna waliodai chanzo ni springi zilizokatwa. Jamani. Difu ya 240Z imefungwa kwenye bodi, gari liwe juu liwe chini pembe ya propela haibadiliki; zinazoumia ni shafti fupi za kwenda kwenye magurudumu. Mnachanganya na magari ya ekseli nzima kama pikapu zenu. Na nyie wa kutaka maunti za chuma tupu kila mahali, msiniandikie. Chuma hakitibu pembe mbaya, kinaileta tu masikioni.

Inauma zaidi kwa sababu ya gari lenyewe. Hili ni gari lililoshinda mbio za Safari mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, likashinda tena 1973 na Shekhar Mehta wetu, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews, mwaka ambao alilingana pointi na Harry Källström aliyekuwa pia kwenye Datsun. Magari yale yalipigwa na mawe na matope ya Afrika Mashariki. Kati ya mafundi walioyahudumia usiku kando ya barabara, sidhani yupo ambaye angeugusa upande wa nyuma kabla hajaushika mkia wa giaboksi na kuutikisa. Joginder Singh, aliyeanza kama fundi wa gereji kabla ya kuanza kushinda Safari, angelala chini ya gari na tochi, na washa angeziacha sandukuni.

Hata Nissan wenyewe walipata tatizo la pembe kwenye 240Z za mwanzo. Shafti fupi zilikuwa zimeelekea mbele kupita kiasi kwa sababu difu ilikaa mbele mno. Katikati ya 1971 waliirudisha difu nyuma kwa takriban milimita 35 na kubadilisha vishikio vyake, kiwandani, kwa michoro. Huko kuhamisha difu kulikuwa na sababu iliyopimwa. Sina ugomvi na difu kuhamishwa. Ugomvi wangu ni kuhamishwa kwa kusingiziwa.

Mzee mwenye gari, nakuomba ulirudishe. Washa zote nne zitoke, difu irudi kwenye 3 yake. Maunti mpya ya giaboksi ifungwe, halafu pembe zipimwe upya gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likiwa limening'inia kwenye jeki. Giaboksi na difu zikikaribiana ndani ya nyuzi 1, lipeleke kwenye mwendo uleule wa mwanzo, 100, gia ya tano, dirisha limefungwa, simu sakafuni. Mvumo ukiwa umekwisha, walipe vijana kwa krosi na kubalansi, kazi hizo walizifanya vizuri. Ya difu usiilipe.