Uhakiki: Jiko Lisilo na Moshi

Kipo kitabu kimoja chembamba ambacho wapenzi wake hukieleza kwa sentensi moja tu: eti mtu anaweza kusali huku anaosha masufuria. Kwa Kiingereza kinaitwa The Practice of the Presence of God, yaani zoezi la kuishi mbele za Mungu, na mwenye mawazo hayo ni Bruda Laurent, mpishi wa watawa huko Paris. Sentensi hiyo si uongo. Lakini inakifanya kitabu kionekane chepesi kama tangazo la sabuni, na mimi nasema ni kitabu kigumu. Nataka kuonyesha ugumu wake uko wapi, na pia wapi kinatuangusha.

Tuanze na mtu mwenyewe. Jina lake la nyumbani lilikuwa Nicolas Herman. Alizaliwa mnamo mwaka 1614 huko Lorraine, ambako leo ni sehemu ya Ufaransa. Alikuwa askari wakati wa Vita vya Miaka Thelathini, akajeruhiwa. Baadaye akawa mtumishi wa bwana mmoja wa mambo ya fedha, na mwenyewe alijieleza kuwa mzito wa mikono, kila kitu anakivunja. Mwaka 1640 akaingia kwa Wakarmeli wa Paris kama bruda, si padri, wakampa kazi ya jikoni. Alikaa huko miaka kama 15, halafu akapelekwa kushona viatu. Alifariki Februari 12, 1691. Kitabu hakukiandika yeye. Padri Joseph de Beaufort, aliyeanza kuzungumza naye Agosti 1666, ndiye aliyekusanya mazungumzo manne, barua 16 na mafundisho mengine, akayachapa mwaka 1692 na 1694.

Sasa maudhui. Anachofundisha Laurent kinaweza kuelezwa kwa pumzi moja. Usingoje saa ya sala wala chumba cha kimya. Zungumza na Mungu moyoni hapo hapo ulipo, katika kazi ile ile unayoifanya. Akili ikitoroka, irudishe taratibu, usijipige, usianze kujilaumu nusu saa nzima. Jambo dogo kabisa, hata kuokota unyasi sakafuni, lifanye kwa ajili yake. Basi. Hakuna ngazi saba, hakuna mbinu ya siri.

Rahisi, sivyo? Hapo ndipo wengi hufunga kitabu. Wakiendelea watakuta kwamba mzee huyu kwa muda wa miaka minne aliamini kabisa kuwa atakwenda motoni, na hakuna aliyeweza kumwondolea wazo hilo. Watakuta pia katika barua zake kwamba miaka kumi ya mwanzo ilikuwa ya mateso. Miaka kumi, jamani! Na kazi ya jikoni yenyewe alikuwa anaichukia. Utulivu unaosifiwa makanisani ni wa mtu aliyekwisha kuzeeka katika zoezi, na sisi tunautaka tuupate kati ya Jumatatu na Ijumaa. Kumbe akili kutoroka si dalili ya kushindwa. Zoezi lenyewe ndilo huko kurudi, mara mia kwa siku, bila mtu kukupigia makofi.

Nimekuwa nikilijaribu hili dukani ninakouza. Silioni kama muujiza. Mawazo yangu hukaa kwenye kodi ya chumba na kwenye riwaya yangu ambayo haijafika nusu. Nikiyarudisha, yanaondoka tena. Tofauti moja tu nimeiona: ninaporudisha mawazo, namtazama mteja usoni ninapompa chenji. Hilo ni dogo, lakini zamani nilikuwa natazama mikono tu. Nadhani Laurent angesema limetosha kwa siku moja.

Nije kwenye fani, ambako nina ugomvi na kitabu hiki. Tunasikia sifa nyingi za jiko, lakini jiko lenyewe halionekani. Tunaambiwa kuna makelele na watu wanaoita vitu tofauti kwa wakati mmoja, naye ametulia kama aliyepiga magoti. Sawa, lakini ni akina nani hao? Wanaitisha nini? Nani ameunguza maharage? Mtu amepika miaka 15 na katika mazungumzo yote manne hatuoni hata kitunguu. Kosa nalibebesha Beaufort. Yeye ni padri msomi, anatafuta mafundisho, na mafundisho huchujwa mpaka moshi unakwisha. Ni kweli kwamba kwingineko, anapoeleza tabia za bruda, anataja kimanda kikigeuzwa kikaangoni kwa ajili ya Mungu. Kimanda hicho kimoja kina uzito kuliko kurasa nyingi za nasaha.

Angalieni mahali ambapo kitabu kinatushika. Kijana wa miaka 18 anautazama mti uliopukutika wakati wa baridi, anafikiri kwamba majani yatarudi, kisha maua, kisha matunda, na maisha yake yanageuka. Mtawa kilema anatumwa Burgundy kununua divai, na ndani ya mashua hawezi kutembea, inabidi ajiviringishe juu ya mapipa. Mtu aliyeingia utawani akitegemea kuadhibiwa kwa uzito wa mikono yake anamtania Mungu kwamba amemdanganya, kwa sababu amepata raha tupu. Mti, mapipa, utani. Wala hakuna hata moja linalohitaji maelezo ya padri. Sisi waandishi chipukizi tunaopenda kuhubiri katika hadithi zetu tulitazame hilo vizuri.

Lipo swali zito zaidi, na kitabu kinalipita kimya kimya. Katika utawa wa siku zile mabruda walifanya kazi za mikono, wakati mapadri walikuwa na masomo na sala za kwaya. Teresa wa Ávila, mwanzilishi wa matengenezo ya shirika hilo, aliyefariki 1582, alikuwa amekwisha kuwaandikia masista kwamba Bwana yumo hata kati ya vyungu vya jikoni. Kwa hiyo wazo si jipya. Jipya ni kwamba safari hii anayelisema ni mpishi. Lakini mpishi akisema nimeridhika na jikoni, bwana mkubwa naye husikia: mwache huko huko. Nimewahi kusikia tajiri akimwambia msichana wa kazi kwamba kila kazi ni ibada, na mshahara wa msichana ulikuwa haujalipwa. Kauli ni ya kweli, mdomo ulioitamka ndio mbaya.

Msimamo wangu ni huu. Laurent aliweka nadhiri kwa hiari yake. Ridhaa yake ni yake, hawezi kukopeshwa mtu mwingine kwa nguvu. Mtu anaweza kujifunza kuwa na Mungu katikati ya kufua nguo za watu, na papo hapo akadai haki yake mwisho wa mwezi. Kitabu hakisemi hivyo, wala hakikatazi. Msomaji ndiye anayepaswa kukimalizia.

Pamoja na ugomvi wangu wote, nakisifu kitabu hiki kwa jambo moja ambalo vingi vya aina yake havina. Hakituonei. Vitabu vingi vya maisha ya kiroho vinadhani msomaji ana chumba, mlango, na saa moja ya kimya alfajiri. Sisi wa vyumba vya kupanga, redio ya jirani ukutani na foleni bombani, tunavisoma kama habari za nchi ya watu. Laurent haombi mlango. Katika barua moja anamzungumzia askari kijana, naye aliyewahi kuwa askari anasema kuinua moyo kidogo kunatosha, hata mtu akiwa njiani na upanga mkononi. Mtu anayemruhusu askari kusali akiwa anatembea hawezi kumnyima utingo.

Ushauri wangu kwa atakayekipata: anza na barua, kwa sababu humo ni mkono wake mwenyewe, na nyingine aliiandika siku chache tu kabla ya kufa. Mazungumzo yafuate. Soma barua moja kwa siku, halafu nenda kazini. Na mwenye kuona nimemwonea Padri Beaufort aandike. Uwanja ni wetu sote.