Sifa ya Ufundi wa Kuuliza

Mafundi wa dunia hutambulikana kwa kazi zao: seremala kwa mlango, mhunzi kwa jembe, mshonaji kwa kanzu, lakini yuko fundi mmoja ambaye kazi yake haishikiki kwa mkono wala haipelekwi sokoni, na ambaye, akiisha kuitenda kwa ustadi, wapitao hudhani kwamba hakutenda neno lolote. Fundi huyo ni mwalimu aijuaye njia ya kuamsha hamu ya maarifa katika nafsi ya mtoto. Wengi wamewasifu walimu wenye ufasaha wa kueleza, na maelezo mazuri ni fadhila isiyokanika. Walakini insha hii imekusudia kumsifu yule ambaye, kabla ya kueleza, huuliza, na akiisha kuuliza, hustahimili kungoja.

Nitamtafuta fundi huyo Niemba, katika wilaya ya Kalemie, jimbo la Tanganyika nchini Kongo, mahali palipo katika njia ya reli itokayo Kabalo, ambayo ilifika Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Kule Ireland jina la Niemba hutajwa kwa majonzi, kwa sababu tarehe 8 Novemba 1960 askari 9 wa nchi ile, waliokuwa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, waliuawa karibu na hapo katika shambulio la kuvizia. Na katika Kongo yenyewe jimbo hili limezoeleka masikioni mwa watu, tangu mwaka 2013, kwa habari za mapigano ya jamii za Watwa na Waluba na za familia zilizokimbia vijiji vyao. Si insafu nchi ijulikane kwa misiba yake peke yake. Mto Niemba humimina maji yake katika mto Lukuga. Na Lukuga, kwa kadiri wanazuoni wa jiografia walivyothibitisha, ndio mto pekee utokao katika Ziwa Tanganyika, ukasafiri zaidi ya kilomita 300 kuelekea magharibi hata kuungana na Lualaba jirani ya Kabalo, na kwa njia hiyo maji ya ziwa yakafika bahari ya Atlantiki. Mtoto wa Niemba, basi, amezaliwa pembezoni mwa mojawapo ya maswali makubwa yaliyopata kuulizwa juu ya Afrika, na aghalabu hakuna aliyemwambia.

Mwalimu wa kawaida, mwenye watoto wengi kuliko madawati, hulifundisha jambo hili kwa mstari mmoja: huandika ubaoni kwamba Lukuga hutoa maji ya Ziwa Tanganyika, watoto wakanakili, siku ya mtihani wakarudisha walichopewa, na mwezi wa pili wakakisahau. Hakuna uongo uliosemwa, lakini jawabu limemfikia mtu ambaye hajauliza, na jawabu la namna hiyo ni mzigo tu. Fundi hufanya kinyume chake. Husimama akasema kwamba mto Rusizi huingia ziwani kutoka kaskazini, na Malagarasi kutoka mashariki, na vijito visivyo na idadi kutoka milimani pande zote, na mvua hunyesha juu yake kila mwaka. Je, mbona ziwa halijai likazimeza nchi? Kisha hunyamaza. Katika kunyamaza huko ndimo ilimo nusu ya ustadi wake, maana ulimi wa mwalimu hupenda mno kukimbilia jawabu, na kuuzuia kunataka nidhamu kuliko kuuachilia. Mmoja atasema maji hunywewa na mchanga. Mwingine atasema pana tundu chini ya ziwa. Wa tatu, aliyewahi kuona dimbwi likikauka, atasema jua huyachukua. Mwalimu asiyejua kazi yake angemkatiza huyu wa tatu, kwa kuwa jawabu lililo katika daftari lake ni Lukuga. Bali fundi atampa haki yake, kwa sababu ni kweli kwamba sehemu kubwa kabisa ya maji yaliachayo ziwa lile huondoka kwa njia ya mvuke, na Lukuga huchukua kilichosalia.

Hapo, darasa likiisha kugawanyika na kila mmoja ameweka rehani fikira yake, ndipo historia hupata masikio. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke, waliofika Ujiji mwaka 1858, walilikuta swali hili wasilimalize. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley waliabiri hata ncha ya kaskazini ili kuutazama mto Rusizi, wakaona kwa macho yao kwamba huingia wala hautoki. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron, ambaye msafara wake ulikuwa na kiongozi Sidi Mubarak Bombay, yule yule aliyekuwa pamoja na Burton na Speke, aliufikia mlango wa Lukuga, akaona maji yakiondoka ziwani, lakini njia ya chombo ilikuwa imezibwa na majani yaeleayo. Naye mkuu wa hapo alimweleza kwamba watu wake wameufuata mto ule kwa miguu hata unapoingia Lualaba. Mwaka 1876 Stanley alilizunguka ziwa lote kwa mashua, akafika pale pale, akakuta matete na kinamasi pasipo mkondo wa kutajika, akahukumu kwamba mto haujawa mto bado. Haukupita muda mrefu kizuizi kile kikabomoka. Na mwaka 1879 Edward Hore wa misheni ya London, na baada yake Joseph Thomson, waliushuhudia mkondo mkali ukielekea magharibi.

Mwanafunzi aliyeifuata habari hii kwa hamu hupata zaidi ya jina la mto. Hufahamu kwamba mashahidi wawili waweza kuhitilafiana pasiwe na mwongo kati yao, maana maji yenyewe yalikuwa yakibadilika. Na hufahamu kwamba jambo ambalo wageni walilihangaikia kwa miaka ishirini na zaidi lilikuwa limekwisha kujulikana na wenyeji waliolipitia kwa nyayo zao. Wala habari hii haijawa ya kale. Miaka ya karibuni ziwa lilipopanda likaingia katika makazi ya Kalemie, swali la maji huenda wapi lilitoka vitabuni likawa shauri la watu waliopoteza nyumba. Na mtoto ambaye wajomba zake wako Kalemie hana haja ya kushawishiwa kwamba somo hili lamhusu.

Wanafalsafa na wataalamu wa elimu ya nafsi wamelipima jambo ambalo walimu hodari walilitenda kwa kipawa. John Dewey, Mmarekani, katika kitabu alichotoa mwaka 1913, alipinga uadui uliotungwa baina ya hamu ya mtoto na juhudi yake, akionyesha kwamba anayelipenda jambo ndiye astahimiliye taabu yake. Mwaka 1994 George Loewenstein alieleza kwamba udadisi huzaliwa pale mtu anapotambua pengo baina ya anachokijua na anachotaka kukijua. Ndiyo sababu asiyejua kitu chochote haulizi, na adhaniaye kwamba amejua vyote haulizi vile vile. Na mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, ambao ni Gruber, Gelman na Ranganath, waliwauliza watu mafumbo, wakawaacha wangoje kidogo kabla ya kuwafunulia majawabu, na katika kungoja huko wakawaonyesha nyuso za watu wasiohusika na mafumbo. Ilidhihirika kwamba waliokuwa na shauku walikumbuka majawabu vizuri zaidi, na ajabu ni kwamba walikumbuka zaidi hata zile nyuso. Almuradi, wakati wa kungoja si wakati uliopotea: akili yenye hamu hufungua milango yake yote, na hata kile kisichoalikwa hupata kuingia. Kunyamaza kwa fundi wetu, ambako mkaguzi mwenye haraka angekuita uvivu, ni sehemu ya kufundisha.

Lakini pengo lataka kipimo. Likiwa dogo mno, mtoto hulidharau. Likiwa pana mno, hulikimbia. Kupima pengo kwa jicho, kwa kumtazama mtoto huyu, leo, katika darasa hili, ndiyo kazi ambayo hakuna mtaala unaoweza kumfanyia mwalimu. Suzanne Hidi na Ann Renninger, waliobainisha mwaka 2006 ngazi nne za kukua kwa mvuto wa elimu, walionyesha kwamba mwanzoni mvuto huo huwashwa na jambo la nje, nao huzimika upesi usipopata wa kuulinda. Baadaye tu hutia mizizi ndani ya mtu akawa anauliza mwenyewe bila kuulizwa. Hivyo mchezo mmoja wa kuchekesha darasani hautoshi. Fundi hulirudia swali kesho, akaliongezea kuni, akampa kila mmoja kitu cha kwenda kukitazama.

Na udadisi usio na mlinzi huvunjwa kwa neno moja. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba, akisoma shule ya Magamba katika nchi ya Tanganyika, ambayo leo ni Tanzania Bara, aliona kwamba maziwa aliyoyatia katika friji yangali ya moto yaliganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Aliuliza sababu, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa. Na baadaye, alipolirudia swali katika shule ya Mkwawa mjini Iringa, ilisemwa kwa dhihaka kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya walimwengu. Hakunyamaza. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu kilichoko Dar es Salaam, alipoizuru shule ile, kijana alisimama akamwuliza mbele ya wenzake waliomcheka. Naye Osborne, badala ya kuhukumu, alirudi akaamuru jambo lijaribiwe. Mwaka 1969 makala yao ya pamoja ilichapishwa, na mpaka leo wanafizikia hawajaafikiana juu ya sababu, na wengine wanashuku hata jambo lenyewe. Lakini linaitwa kwa jina la Mpemba ulimwenguni kote. Osborne hakuwa na jawabu siku ile. Fadhila yake ilikuwa kukubali kwamba swali la mwanafunzi lastahili maji, moto na kipimajoto.

Bonde la Lukuga lina swali la barafu vile vile. Wataalamu wa miamba wameona humo mabaki yaliyoachwa na barafu zamani mno, miaka takribani milioni 300 iliyopita, enzi ambazo sehemu hii ya Afrika ilikuwa karibu zaidi na ncha ya kusini ya dunia. Na katika miamba ya jamii hiyo hiyo mna makaa ya mawe, ambayo yalichimbwa huko Makala karibu na Kalemie. Mtoto ambaye hajapata kuona barafu ila ile ya kuuzia vinywaji, akiambiwa kwamba mawe ya kwao yaliburutwa na barafu, ataamini au atakataa? Akikataa, na heri akatae, atakuwa amekwisha kuanza kuisoma dunia.

Patakuwa na mwenye kupinga akisema kwamba haya ni anasa. Tangu mwaka 2019 elimu ya msingi ya serikali ilipotangazwa kuwa bila malipo, watoto wamefurika madarasani. Mwalimu hukawia kupata mshahara wake. Mtihani wa taifa uko mbele, na mtihani huhesabu majawabu. Hoja hii ni nzito, wala siipuuzi. Siwaambii walimu waache jedwali la kuzidisha wakingojea watoto wavutiwe nalo, kwa maana pasipo akiba ya ujuzi swali halizaliwi, na yule aliyezishika hesabu zake ndiye awezaye kustaajabu. Lakini swali la ziwa halina bei: halitaki maabara wala umeme, nalo lafaa kwa watoto themanini kama lifaavyo kwa kumi. Linalotakiwa ni lugha. Sheria ya Kongo imeruhusu madarasa ya mwanzo yafundishwe kwa lugha za taifa, na Kiswahili ni mojawapo. Mwalimu mwenye busara, hata Kifaransa kikiisha kuingia, huliacha swali lizaliwe katika Kiswahili au Kiluba, kisha hulivika Kifaransa baadaye, kwa kuwa mtoto anayetafuta maneno ya kigeni huwa amekwisha kulipoteza alilotaka kuuliza.

Na liko pato jingine, ambalo katika nchi iliyopata fitina si dogo. Katika darasa la majawabu, mtoto wa Kitwa ambaye wazazi wake hawana daftari hukaa nyuma akahesabiwa mjinga. Katika darasa la maswali, siku inapoulizwa nyuki huhama lini, au mti gani huchanua kabla ya mvua, huenda yeye ndiye atakayegeukiwa na wenzake, na mtoto wa Kiluba akajifunza kutoka kwake. Sidai kwamba swali laweza kumaliza vita; nadai kwamba ni vigumu kumdharau mtu ambaye umepata kumwuliza jambo kwa dhati na akakujibu.

Kwa hiyo nawaomba wenye mamlaka ya elimu, na wazazi kadhalika, waongeze kipimo kimoja katika kumpima mwalimu. Mkaguzi aingiapo darasani asihesabu tu mistari iliyonakiliwa; ahesabu pia maswali waliyouliza watoto wenyewe, na atazame mwalimu aliyapokeaje, hasa yale ambayo hakuwa na jawabu lake. Mwalimu asemaye mbele ya watoto kwamba hajui, kisha akawaongoza kutafuta, hajapunguza hadhi yake hata chembe: amewaonyesha kwa vitendo jinsi mtu mzima anavyojifunza, na somo hilo hawatalipata katika kitabu chochote. Huyo apewe mshahara wake kwa wakati, na taadhima yake bila kuombwa.