Mshipa Mwekundu Kifuani: Leza Ilivyofundishwa Kuchagua

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 leza ya agoni ilikuwa tayari inatumika hospitalini kufuta mabaka mekundu ya kuzaliwa na vijishipa vinavyojichora juu ya ngozi. Ilifanya kazi, ila kwa gharama kubwa. Mwanga wake wa rangi kati ya buluu na kijani ulitoka mfululizo, joto likajaa ndani ya mshipa, likafurika na kusambaa kwenye nyama ya pembeni. Wapo waliokwenda kuondoa wekundu wakarudi nyumbani na kovu.

Mwaka 1983 R. Rox Anderson na John Parrish wa Hospitali Kuu ya Massachusetts, mjini Boston, walichapisha katika jarida la Science hoja iliyogeuza kazi hiyo yote. Walionyesha kwamba inawezekana kuunguza kitu kidogo sana kilicho ndani ya ngozi bila kukilenga kwa mkono, mradi mambo matatu yapangwe kwa pamoja: rangi ya mwanga, muda wa mpigo mmoja, na kiasi cha nishati. Mwanga unamwagwa juu ya eneo zima, na mshipa wenyewe ndio unaojitokeza kuupokea. Tiba ya mishipa midogo ya kifuani inayotolewa leo imejengwa juu ya hoja hiyo, na mtu anayetaka kujua kama atatibiwa vizuri au vibaya ni lazima aielewe, kwa sababu katika ngozi nyeusi hoja hiyohiyo inaweza kumgeuka.

Tuanze na rangi. Himoglobini ndani ya damu hunyonya mwanga wa aina fulani kuliko mwingine, na mojawapo ya vilele vyake ni kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 577, ambao ni mwanga wa manjano. Mashine iliyozaliwa kutokana na hoja ya Boston, leza ya rangi inayopiga kwa mipigo, hutumia kimiminika chenye rangi iitwayo rodamini kuzalisha mwanga huo. Baadaye mafundi waliusogeza hadi nanomita 585, kisha 595. Walipoteza kidogo katika unyonywaji, wakapata kina zaidi, maana kadiri wimbi linavyokuwa refu katika eneo hilo ndivyo mwanga unavyozama chini ya ngozi.

Jambo la pili ni muda, na kwa maoni yangu hapa ndipo ilipo akili ya kazi nzima. Kila kitu kilichopashwa moto hupoa kwa kasi inayotegemea ukubwa wake. Chai ya kikombe hupoa kabla ya chai ya birika. Mshipa wa unene wa maikromita 50 hupoteza sehemu kubwa ya joto lake katika takriban milisekunde moja. Ukiwa na maikromita 100, muda huo hauongezeki mara mbili tu, bali unakwenda karibu mara nne, kwa kuwa unapanda kwa mraba wa kipenyo. Basi mpigo wa mwanga ukiwa mfupi kuliko muda huo, mshipa unaungua kabla haujapata nafasi ya kumwagia jirani joto. Ukiwa mrefu mno, tumerudi kwenye kovu la agoni. Ukiwa mfupi mno kwa mshipa mnene, damu inachemka ghafla, mshipa unapasuka na ngozi inabaki na doa la zambarau kwa wiki moja au mbili. Leza za rangi za mwanzo zilikuwa na muda mmoja tu, takriban milisekunde 0.45. Za sasa humruhusu daktari kupanda hadi milisekunde 40, ndiyo maana vijishipa vinene zaidi vinaweza kuzimwa bila doa kubwa.

Mwaka 1989 Oon Tian Tan na wenzake walichapisha matokeo ya leza hiyo kwa watoto wenye mabaka mekundu ya kuzaliwa. Ngozi ya mtoto ilisafika karibu bila kovu, jambo ambalo agoni haikuweza kuahidi. Kutoka kwenye mabaka, kifaa kilihamia kwenye mashavu ya watu wazima, kisha shingoni na kifuani.

Mishipa tunayoizungumzia kwa kawaida haijapasuka. Imetanuka na kushindwa kurudi katika unene wake, na mingi haifiki milimita moja. Kuiona kwa karibu hakuhitaji mashine. Daktari huchukua kipande cha kioo safi, akakibandika juu ya wekundu na kukandamiza. Damu ikisukumwa, wekundu unapotea. Akiachia, mshipa unajaa tena, na namna unavyojaa inasema mengi. Kama kuna nukta katikati na damu inakimbia kutoka kwenye nukta hiyo kwenda kwenye miguu midogo pembeni, huo ni mshipa wenye umbo la buibui, unaolishwa na mshipa mdogo wa ateri ulio chini yake. Hapo kinachotakiwa kuzimwa ni ile nukta. Miguu itanyauka yenyewe. Na kama wekundu haupotei chini ya kioo, damu imekwisha kutoka nje ya mishipa, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Kioo hicho kinapaswa kutangulia leza yoyote, pamoja na maswali ya daktari. Buibui mmoja au wawili kifuani mwa mtu mwenye afya si habari. Wanaweza kutokea kwa mjamzito, kwa sababu ya wingi wa estrojeni, na kwa kawaida hufifia miezi michache baada ya kujifungua. Kumpiga leza mama huyo ni kumtoza pesa kwa kazi ambayo mwili wake utaifanya bure. Lakini buibui wengi wanaoongezeka shingoni, kifuani na mikononi kwa mtu asiye mjamzito wanadai vipimo vya ini. Ini lililosinyaa, iwe kwa pombe au kwa homa ya ini aina B ambayo katika nchi zetu imeenea, hushindwa kuondoa estrojeni kama inavyotakiwa, na ngozi ya juu ya mwili hulionyesha hilo mapema. Vipo pia vidoa vyekundu bapa vya ugonjwa wa skleroderma, ambavyo huenda pamoja na vidole vinavyobadilika rangi kwenye baridi na ngozi ya mikono inayokaza. Na ipo safu ya vijishipa inayofuata ukingo wa mbavu za chini kwa watu wa makamo na wazee, ambayo haina madhara yoyote.

Sababu inayoniuma zaidi ni krimu. Kwenye ngozi nyeusi, kijishipa cha sehemu ya kumi ya milimita huwa kimefichwa na melanini iliyo juu yake. Kinapoanza kuonekana waziwazi kifuani, swali la kwanza liwe kama ngozi hiyo imechubuliwa. Mikorogo mingi hutiwa steroidi kali kama klobetasoli, dawa ambayo daktari huiandika kwa wiki chache kwa ukurutu au soriasisi, na kwa sehemu ndogo ya mwili. Mtu anaipaka usoni, shingoni na kifuani kila siku, miezi hadi miaka. Steroidi huzuia ngozi kutengeneza kolajeni, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inapoteza nguzo zake na kutanuka, huku melanini iliyokuwa ikiifunika ikipungua. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi, lakini makopo yanaendelea kupita mipakani na kuuzwa.

Kwa mtu huyu, leza haiwi hatua ya kwanza. Akipigwa mwanga huku bado anapaka, mishipa mipya itakuja nyuma ya ile iliyozimwa. Akiacha ghafla, ngozi inaweza kulipuka kwa wekundu, kuwasha na vipele, kwa hiyo ni vizuri aache akiwa mikononi mwa mtaalamu wa ngozi, anayeweza kumshusha hatua kwa hatua. Sehemu ya unene wa ngozi hurudi kwa miezi kadhaa. Mishipa mingine hufifia, mingine hubaki. Na melanini nayo hurudi, jambo ambalo mwenye mashine akilisahau atamuunguza mgonjwa. Ngozi ya Januari, ikiwa bado nyeupe ya mkorogo, si ngozi ya Juni. Vipimo vilivyokuwa salama mara ya kwanza haviwezi kunakiliwa tu mara ya tatu.

Hapa tunafika kwenye mgogoro wenyewe. Mwanga hauanzi na damu. Unapita kwanza kwenye tabaka la juu la ngozi, ambako melanini inausubiri, na melanini hunyonya mwanga wa manjano kwa hamu. Kwa ngozi nyeupe ushuru huo ni mdogo. Kwa ngozi nyeusi sana unaweza kuwa mkubwa kiasi kwamba ngozi ya juu inaungua kabla mshipa haujapata kitu: malengelenge, mabaka meusi, au mabaka meupe yanayodumu. Leza ya kijani ya nanomita 532, inayosifiwa sana Ulaya kwa vijishipa vya usoni, ni mbaya zaidi kwa sababu hiyohiyo.

Suluhisho la kwanza lilikuwa baridi. Katikati ya miaka ya 1990 J. Stuart Nelson na wenzake wa Taasisi ya Leza ya Beckman huko Irvine, California, walionyesha kwamba ngozi inaweza kupuliziwa kimiminika cha baridi kwa makumi machache ya milisekunde tu kabla ya mpigo. Muda huo unatosha kupoza tabaka la juu lakini hautoshi baridi kufika kwenye mshipa. Ukisimama kando ya kitanda, utaona mgonjwa na daktari wamefunikwa macho, utasikia mpuliziko mfupi, kisha mweko, na ndani ya sekunde chache kile kijishipa chekundu kitakuwa cha kijivu au kimetoweka. Mikono ya fundi mzuri haikimbii; anatazama rangi ya ngozi baada ya kila mpigo, na akiona weupe au ujivujivu umeenea nje ya mshipa, anasimama.

Suluhisho la pili ni kubadili wimbi. Leza ya Nd:YAG ya nanomita 1064 haipendwi sana na melanini, ndiyo maana imekuwa chaguo la kwanza kwa watu wengi wa rangi yetu. Ila himoglobini nayo haiipendi sana, hivyo inabidi iongezewe nishati, lile jambo la tatu: kwa vijishipa vyembamba, mara nyingi zaidi ya jouli 100 kwa sentimita moja ya mraba, ilhali leza ya manjano hufanya kazi yake chini ya 15. Nishati hiyo inazama kwa kina. Ukikosea kidogo, au ukirudia mpigo palepale kabla pahali hapajapoa, unaacha shimo katika ngozi. Watu huambiwa kwamba leza hii ni salama kwa ngozi nyeusi. Ni salama kwa tabaka la juu. Chini yake inadai mkono wenye uzoefu kuliko zote.

Na kifua si uso. Ngozi yake ina vinyweleo na tezi za mafuta chache kuliko uso, na ngozi huponea kutoka humo, kwa hiyo kifua hupona polepole. Katikati ya kifua, juu ya mfupa wa kidari, ni mojawapo ya sehemu za mwili zinazoongoza kwa makovu yanayovimba, na watu wenye asili ya Afrika ndio wanaoyapata zaidi. Kwa hiyo vipimo vilivyofaa shavuni lazima vishushwe vikifika kifuani. Ningemshauri yeyote mwenye kovu la keloidi, hata la kutoga sikio, alitaje kabla hajaulizwa.

Mashine ya mwanga mpana, ambayo si leza na huuzwa pia kwa saluni kwa ajili ya kuondoa nywele, hutoa mawimbi mengi kwa pamoja. Kwa ngozi nyeupe iliyochomwa na jua shingoni na kifuani hufanya vizuri, japo huweza kuacha alama za mstatili, umbo la kioo chake, palipokosewa. Kwa ngozi nyeusi siitaki ikaribie kifua cha mtu.

Sindano ya umeme ndiyo njia ya zamani na ya bei nafuu. Ncha nyembamba hugusishwa kwenye mshipa mmoja mmoja. Kwa buibui mwenye nukta moja inatosha kabisa. Kwa kifua chenye vijishipa mamia ni kazi ya kupanda nukta za makovu. Dawa za kudungwa ndani ya mishipa, zinazotumika miguuni, hapa zinagonga ukuta wa vipimo: sindano nyembamba ya kawaida ya kazi hiyo ina unene wa takriban milimita 0.3, na vijishipa vingi vya kifuani ni vyembamba kuliko sindano yenyewe. Krimu za dukani, ziwe za vitamini K au za majani, hazizibi mshipa uliokwisha tanuka. Kinachosaidia kweli kwa kupaka ni kinga ya jua, inayopunguza uwezekano wa mishipa mipya.

Kundi la mwisho ni wanawake waliotibiwa saratani ya matiti kwa mionzi. Miezi au miaka baadaye vijishipa vyekundu hujitokeza palepale mionzi ilipopita, na kila wakivua nguo vinawakumbusha. Leza ya manjano imewasaidia wengi wao, na tiba hiyo isichukuliwe kuwa ya urembo tu. Lakini saratani inayorudi kwenye ngozi nayo inaweza kujionyesha kwa wekundu wa mishipa, kwa hiyo eneo likiwa gumu, limevimba au linapanuka, daktari wa saratani aone kwanza, na kipande cha ngozi kipimwe inapobidi.

Kwa anayekwenda kliniki akiwa amekwisha kujua sababu, maswali ya kuuliza ni machache: mashine yenu ni ya nanomita ngapi, inapozaje ngozi, na mmewahi kutibu kifua cha rangi kama yangu? Kisha aombe jaribio la mipigo michache pembeni, mahali ambapo nguo hufunika, na asubiri wiki sita hadi nane kabla ya kukubali mengine. Mabaka meusi huchukua muda kujitokeza, na kovu linalovimba huchukua muda zaidi.