Nani Alishika Usukani? Maoni Juu ya Safari ya Lady Nyassa

Katika vitabu vya mitumba vinavyouzwa kando ya njia hapa Mchesi, jirani na wauzaji wa nguo ambazo wenyeji huziita kaunjika, tulipata nakala kuukuu, isiyo na jalada, ya kitabu cha David na Charles Livingstone juu ya msafara wao wa Zambezi, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1865. Tulikinunua kwa ajili ya kurasa zake za mwisho. Humo imesimuliwa safari ambayo wengi wetu tumeisikia kwa mbali tu: jinsi chombo kidogo kilichoundwa kwa ajili ya ziwa kilivyovuka Bahari ya Hindi kutoka Unguja hadi Bombay. Tumezisoma kurasa hizo mara mbili pamoja na wanafunzi wetu wa jioni, baadhi yao wakaaji wa Lilongwe na wengine wa kambi ya Dzaleka kule Dowa, na mara zote mbili zimezua ubishi. Twaonelea si vibaya kuuleta ubishi huo mbele ya walimu wenzetu.

Kwanza habari yenyewe. Msafara ulikuwa umekwisha kupoteza stima moja, Ma Robert, iliyozama mtoni Desemba 1860 baada ya kuvuja kwa muda mrefu. Injini yake ilikuwa ikikoroma na kupumua kwa shida hata wenyewe wakaipa jina la mgonjwa wa pumu. Ya pili, Pioneer, ilikuwa imara zaidi, lakini ilihitaji maji ya kina cha futi tano, nayo Shire haina desturi ya kumhakikishia mtu kina hicho. Kurasa zinazoeleza jinsi Pioneer ilivyokuwa ikikwama juu ya mafungu ya mchanga, ikanasuliwa kwa kuvutwa, ikaelea, na kukwama tena mbele kidogo, ndizo kurasa bora za kitabu kizima kwa maoni yetu. Hapo mwandishi hana nafasi ya kuhubiri. Anao mto tu, kamba, tope na siku zinazopita. Mwanafunzi aliyekwisha kusukuma gari lililozama katika matope ya masika huielewa habari hiyo bila ya kufafanuliwa neno.

Lady Nyassa ilikuja vipande vipande mwaka 1862. Livingstone aliigharimia kwa fedha zake mwenyewe, ikaunganishwa Shupanga na kushushwa majini mwezi wa Juni mwaka huo. Shauri lilikuwa kuifungua tena, kuipitisha nchi kavu kando ya maporomoko ya Shire, na kuielekeza ziwani ili ipambane na biashara ya watumwa. Shauri halikutimia. Mwaka 1863 serikali ya Uingereza iliurudisha msafara nyumbani, na chombo kilichopewa jina la ziwa hakikuliona ziwa hilo. Wareno walikuwa tayari kukinunua. Mwenyewe akakataa, akihofu kwamba kingechukua watumwa. Unguja hakupata bei ya kumridhisha. Basi tarehe 30 Aprili 1864 aliondoka kwenda kukiuza India, mwendo wa maili kama 2,500, akiwa na tani 14 tu za makaa. Maana yake ni kwamba stima hii ilikwenda kwa matanga. Ilifika Bombay tarehe 13 Juni, nayo kwa udogo wake haikushughulikiwa na mtu bandarini.

Mwalimu wa lugha ana jambo la kujifurahisha nalo hapa. Mwandishi anaeleza kwa urefu taabu ya kukosa upepo: siku nyingi chombo kimesimama, bahari kama kioo. Sasa, baharia yeyote wa Unguja angeitazama ile tarehe ya kuondoka na kutikisa kichwa. Mwishoni mwa Aprili kaskazi imekufa na kusi bado haijasimama. Ni maleleji, na wengine husema tangambili. Lugha yetu imeweka katika neno moja onyo ambalo Kiingereza kililipatia ukurasa mzima baada ya hasara. Hatusemi haya kwa majivuno, maana wengi wetu tunaofundisha bara tumelikuta neno maleleji kwenye kamusi, si baharini. Wanafunzi wetu wa Lilongwe huita ziwa nyanja, na Wayao huliita nyasa; kwa hiyo jina la chombo lenyewe ni kama kusema Bibi Ziwa. Tulipowaeleza hivyo walicheka, kisha wakawa radhi kusoma.

Sasa tuingie katika lawama yetu. Kitabu kimeandikwa kwa nafsi ya kwanza wingi. Tuliondoka, tulisafiri, tulikawia. Msomaji huichukua sisi hiyo kuwa ni ndugu wawili ambao majina yao yamo katika ukurasa wa kwanza. Lakini Charles Livingstone alikwisha kuuacha msafara mwaka 1863, wala hakuwamo chomboni. Basi sisi hiyo ni nani? Mwandishi anawataja waliokuwamo pamoja naye: Wazungu watatu, yaani mchochea moto, baharia na seremala, watu saba wa Zambezi ambao, asema, hawakuwa wamepata kuiona bahari, na vijana wawili. Jumla yao na yeye ni kumi na watatu. Watatu wametajwa kwa kazi zao, na saba wametajwa kwa mto wao. Tofauti hii ndogo ndiyo kiini cha jambo tunalolisema. Mtu aliyetajwa kwa kazi yake msomaji humwona akiitenda. Aliyetajwa kwa mto aliotoka huonekana kama sehemu ya mzigo.

Wala tusimdhulumu mwandishi. Watu hao anawasifu, na kwa wakati wake sifa hiyo si haba. Wasafiri wengi wa karne ile wasingepoteza wino juu yao isipokuwa kwa kulaumu. Anasema walikuwa wepesi wa kujifunza kazi ya chombo. Lakini sifa inatajwa, kisha hadithi inaendelea kana kwamba haikutajwa. Vitabu vyetu vya kiada vimeikata hata sehemu hiyo, vikamwachia mtoto sentensi moja: Livingstone alivuka bahari kwa chombo kidogo.

Aliyetufumbua macho hakuwa mhakiki. Katika darasa letu yumo mzee mmoja aliyekuwa mvuvi kule Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, kabla ya vita kumfikisha Dzaleka. Alisikiliza sura nzima kimya. Kisha akauliza, kwa Kiswahili chake cha Kongo: "Mwalimu, huyu mzungu alikuwa analala saa ngapi?" Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Aliendelea kusema kwamba siku arobaini na tano ni usiku arobaini na tano pia, na chombo hakisimami kwa sababu nahodha amefumba macho. Tukarudi kwenye matini tukitafuta usiku, na usiku haumo. Kuna vipimo vya jua, kuna hesabu za maili, kuna shuwari na dhoruba. Dira na hesabu zilikuwa mikononi mwa mtu mmoja, hilo kweli, na ujasiri wake hatuna sababu ya kuupunguza. Lakini zile saa ambazo mtu mmoja hushika usukani gizani na wengine wamelala, saa ambazo kila mvuvi azijua, hazina ukurasa.

Tukaona heri kulinganisha na mtu aliyekuwa peke yake kwelikweli. Joshua Slocum aliondoka Boston tarehe 24 Aprili 1895 katika jahazi aliloliunda upya kwa mikono yake, akaizunguka dunia bila ya mwenzi, akatia nanga Newport tarehe 27 Juni 1898. Kitabu chake cha 1900 kimejaa mikasa. Alipanda mchanga pwani ya Uruguay akakaribia kufa maji, maana hakujua kuogelea. Mbuzi aliyepewa huko St Helena alimlia ramani. Baada ya kutoka visiwa vya Azores alishikwa na tumbo kwa kula plamu na jibini, akaanguka chini hana fahamu huku tufani inavuma. Na katika homa yake akamwona mtu ameshika usukani, akijitambulisha kuwa rubani wa Pinta, mojawapo ya merikebu za Columbus. Slocum alijicheka kwa jambo hilo, na ndiyo sababu kitabu chake kinapendwa. Lakini tazameni ajabu iliyopo. Aliyekuwa peke yake alihitaji mshika usukani hata akamzua, akampa kazi, taifa na historia. Aliyekuwa nao washika usukani, wa nyama na damu, hakuwapa hata majina.

Hapo ndipo ubishi ulipozuka juu ya neno. Tulikuwa tumeandika ubaoni "vituko vya baharini" kuwa kichwa cha somo. Mzee wetu alilikataa neno vituko. Mbuzi kula ramani ni kituko, alikubali. Lakini yeye alivuka ziwa usiku pamoja na wanawe, katika mtumbwi uliojaa kupita kiasi, na jambo hilo haliwi kituko hata lisimuliwe kwa ufundi gani. Kijana mmoja wa Mchesi akapendekeza ajali. Nalo likakataliwa, kwa kuwa ajali huja yenyewe, na kukimbia kwao kulisababishwa na watu. Tulimaliza kwa mkasa, na misukosuko kwa mambo madogo. Twakiri kwamba kabla ya jioni ile tulikuwa tukiyatumia maneno haya manne kama sahani za seti moja. Yeyote atakayetafsiri Slocum au Livingstone kwa Kiswahili itambidi kwanza aamue nani alichagua safari na nani hakuichagua, maana lugha yetu itamdai.

Mwalimu mwenzetu mmoja ameshauri kwamba kitabu kama hiki cha 1865 kisifundishwe kabisa. Hatuafikiani naye. Kasoro yake yafundisha kuliko uzuri wa vitabu vingi. Mwingine alitoa zoezi: wanafunzi waandike siku moja ya safari kwa sauti ya Chuma. Zoezi hili ni zuri kwa jinsi lilivyo, kwani vijana wawili wa chombo kile tunawafahamu: walikuwa Chuma na Wekatani, waliookolewa katika msafara wa watumwa mwaka 1861 katika nchi hii hii tunamofundisha. Insha tulizozipata, hata hivyo, zilikuwa dhaifu karibu zote. Chuma aliyeandikwa humo ananena methali, anamshukuru bwana wake, anatoa mafunzo. Mtoto wa Kiyao wa miaka kumi na minne hivi, katikati ya maji yasiyo na mwisho, anazungumza kama mgeni rasmi siku ya kufunga shule. Hili ni kosa letu sisi walimu, tuliowazoesha kwamba insha isiyo na methali haina alama.

Moja tu ilitofautiana, ya msichana anayekuja kutoka Dzaleka siku za Jumamosi. Hakuandika juu ya dhoruba. Aliandika kwamba Chuma hakujua alale upande gani, kwa kuwa kila alipoamka jua lilikuwa limetokea mahali pengine. Kwa elimu ya unajimu alikosea: jua halikuhama, chombo ndicho kilichogeuka kikitafuta upepo. Lakini kwa kosa hilo alituandikia shuwari vizuri kuliko ilivyoandikwa katika kitabu, nasi tulimpa alama zote, tukasahihisha tahajia tu.

Chombo kiliuzwa Bombay kwa pauni 2,300, nazo zikapotea benki ilipoanguka. Chuma na Wekatani waliachwa shuleni huko. Susi na Amoda, waliokuwa miongoni mwa watu wa Shupanga, walipata kazi gatini. Mwaka 1866 wote walirudi Afrika pamoja na Livingstone. Chuma na Susi ndio walioongoza kuuchukua mwili wake hadi pwani baada ya kufa kwake 1873, na mwaka uliofuata walikuwa Uingereza wakimsaidia Horace Waller kuzitengeneza shajara za mwisho kwa ajili ya uchapaji. Humo wametajwa kwa majina na kwa kazi, na maelezo yao yamesukwa ndani ya maandishi ya mkubwa wao hata mhakiki hana budi kuyachambua nyuzi kwa nyuzi. Ndicho tunachokusudia kusoma muhula ujao. Nakala tuliyonayo ni moja, na kurasa za kati zimeliwa na mchwa. Mwalimu mwenye nyingine atatusaidia sana akituazima.